Picha za WhatsApp zinasema mama yuko sawa, mbona mimi sina amani?

Sista, habari yako,

Hii safu mi huisoma kwa matatu nikienda job na sikuwahi fikiria siku moja ntaandika, lakini sahii nimefika mahali hata usingizi sipati vizuri.

Mi ni kitindamimba, tuko watatu. Bro mkubwa yuko Doha, dadangu aliolewa Nakuru, mimi ndio niko hapa Nairobi, naishi Rongai na kazi iko tao kwa hivyo mambo yote ya mama huishia kwangu. Mama ana miaka 74, anaishi Buruburu kwa ile nyumba tulilelewa, alikuwa mwalimu wa praimari mpaka akastaafu na mtaa mzima hadi leo humuita Mwalimu. Mwaka jana alipata stroki, akalazwa, akatoka na upande wa kushoto umelegea. Mkono wa kushoto hauna kazi kabisa, mguu kidogo anaweza simama akishikwa, mara nyingi yuko kwa kitanda ama kwa wilchea. Kuongea anaongea sawa na akili iko, ingawa kuna siku anachanganya mambo. Ana presha na sukari, zote anameza vidonge, hajafika kwa sindano.

Tukaamua kutafuta ejensi ya keagiva. Bro ndio analipa, 48,000 kwa mwezi, keagiva analala hapo. Kila asubuhi tunatumiwa picha kwa grupu ya familia, mama ameketi, ameoga, leso safi, uji uko mbele yake, na bro anaweka zile mikono za amina. Kwake huduma ni namba moja. Na kusema ukweli nyumba ni safi, inanukia vizuri, hata majirani wanasifu.

Lakini kuna vitu vinanisumbua. Mi huenda weekendi na siku moja katikati ya wiki nikitoka kazi mapema, na karibu kila nikifika mchana nampata mama amelala, na si kulala kidogo, ni kulala fofofo mpaka nimtingishe. Amekonda, zile deera zake zinamuelea. Nikiuliza kuhusu chakula naambiwa "shosh hutosheka haraka", na ni kweli nimeona anakula nusu ya sahani tu, ingine anaiacha vile vile upande mmoja haijaguswa hata kidogo. Halafu keagiva wanabadilishwa badilishwa, ukianza kumzoea huyu analetwa mwingine na ejensi wanasema ni mambo ya ratiba. Huyu wa sasa ni msichana mpole sana, simchukii. Siku moja nikimsindikiza dukani akaniambia anapokea 17,000 na tangu Pasaka hajaenda kwao hata siku moja.

Kuna daftari la presha na chakula, kila siku limejazwa. Nikimuuliza mama kama anatunzwa vizuri ananiambia "niko sawa, usianzishe vita". Bro anasema mimi natafuta makosa juu nina wivu yeye ndio analipa, na sahii anataka tuweke kamera kwa bedroom ya mama ndio "tumalize hii maneno". Ejensi nao wanasema huyo ni nesi, ana uzoefu, tusiwe na wasi.

Sista, mtu hupima aje hii huduma? Sitaki kumharibia msichana wa watu kazi bure, na pia sitaki kunyamaza halafu kumbe mama anaumia.

Kitindamimba, Rongai

* * *

Kitindamimba, pole mdogo wangu, na wivu haumo katika hiyo barua yako, kwa hivyo hilo tuliondoe mapema.

Kabla ya mambo ya ejensi na kamera, kuna jambo moja nataka ulifanye kesho, si weekendi. Mama ana sukari na anameza vidonge, anakula nusu sahani, na mchana analala mpaka atingishwe. Mimi nimekaa wodi miaka mingi na nikisikia hayo matatu kwa sentensi moja naomba mashine ya sukari kwanza, maswali baadaye. Kuna dawa za sukari, kama glibenclamide au gliclazide, zinaendelea kushusha sukari hata kama mtu hakula cha kutosha. Angalia pakiti za mama uone anameza gani. Halafu mwambie keagiva ampime saa ile ile anamuona amelegea mchana, asingoje apate fahamu vizuri. Ikisoma chini ya 4 (mmol/L), hiyo ni ya kushuka, apewe kitu cha sukari kama yuko macho na anameza vizuri, apimwe tena baada ya dakika kama 15, na mpigie daktari wake siku hiyo hiyo kuhusu dozi. Kama haamki vizuri usimtilie chochote mdomoni, hapo ni gari na hospitali. Na usiache dawa kwa kichwa chako mwenyewe.

Inaweza kuwa si sukari. Inaweza kuwa halali usiku, inaweza kuwa maambukizi ya mkojo ambayo kwa wazee mara nyingi huja na usingizi na kuchanganyikiwa hata kabla ya homa, inaweza kuwa huzuni tu, maana karibu mtu 1 kati ya 3 waliopata stroki huingiwa na huzuni ya kuhitaji matibabu na familia hudhani ni uzee. Na inaweza kuwa kitu ambacho sipendi kukisema lakini nimekiona, mzee anapewa Piriton ya mafua ndio alale na nyumba itulie. Simshtaki huyo msichana, sijui lolote juu yake. Lakini fungua droo, angalia kama kuna dawa ambayo daktari hakuandika, na kama iko uliza ni ya nani. Dawa hiyo kwa mtu wa miaka 74 inaleta kuchanganyikiwa, kuanguka na mkojo kukwama.

Sasa ile sahani. Hiyo sentensi yako ya "upande mmoja haijaguswa" niliisoma mara mbili. Ni upande gani? Kama ni wa kushoto, na mimi nadhani ni wa kushoto, basi mama hajatosheka, mama haoni hicho chakula. Si macho yameharibika. Stroki ikipiga upande wa kulia wa ubongo inaweza kumfanya mtu asitambue kabisa dunia ya upande wake wa kushoto, anachana nywele upande mmoja, anagonga mlango na wilchea upande huo huo, anakula nusu ya ugali na nusu ya sukuma halafu anasema nimemaliza, na kwake kweli amemaliza. Jaribio lake halina gharama. Akisema ameshiba, zungusha sahani tu, usiseme kitu. Akianza kula tena, umeshajua kwa nini deera zinaelea. Mwambie daktari au watu wa fizio, na uombe aonwe na mtaalamu wa tiba kazi, wale wengi mnawaita OT, kuna mazoezi ya kumrudisha aangalie upande huo.

Na hapo ndipo jibu la swali lako lilipo. Keagiva mzuri si yule anayepiga picha ya uji asubuhi, ni yule aliyegundua sahani. Hizo picha kusema ukweli ni risiti, zinatumwa kwa anayelipa ili aone amelipia kitu, na bro wako anaridhika na risiti kwa sababu yuko Doha, simlaumu. Lakini hakuna anayepiga picha saa tisa mchana, wala saa nane usiku mama akitaka choo. Nyumba safi pia, mimi naipenda nyumba safi, lakini nyumba ya Mwalimu ilikuwa safi hata kabla ya stroki. Uingereza kuna kipimo cha huduma za watu wazima kinaitwa ASCOT, kilitengenezwa Chuo Kikuu cha Kent, kinaangalia mambo 8 katika maisha ya mtu. Usafi wa nyumba ni kimoja tu kati ya hayo. Mengine ni kama anakula na kunywa anavyotaka, kama ni msafi mwilini, kama anajiona salama, kama anaonana na watu, kama ana cha kufanya na siku yake, na lile ninalolipenda zaidi, kama ana sauti juu ya siku yake mwenyewe, halafu la nane, vile anavyosaidiwa vinamfanya ajisikie aje. Ona vile maswali yote yanamuelekea mama, si ejensi.

Sasa tatizo ni kwamba ukimuuliza mama "unatunzwa vizuri?" atakuambia yuko sawa. Atakosaje kusema hivyo? Kizazi chao hawalalamiki, halafu huyo msichana ndiye anamuinua usiku, na mama akijua umemkasirisha msichana na kesho mama ndiye atabaki naye peke yake, wewe ungesema nini? Kwa hivyo usimuulize kama huduma ni nzuri. Mpe keagiva masaa mawili atoke, anayahitaji, baki na mama, mtengenezee chai na muulize vitu vidogo vidogo. Jana ulilala saa ngapi, nani aliamua saa hiyo? Ukitaka choo usiku unafanya nini, na anachukua muda gani kuja? Unaogeshwa mlango ukiwa umefungwa? Mara ya mwisho kutoka nje kuota jua ilikuwa lini? Nani anachagua stesheni ya TV? Anakuita nani? Hilo la mwisho si mzaha. Mtaa mzima unamuita Mwalimu halafu nyumbani kwake, kwa pesa ya mtoto wake, anaitwa "shosh" na mtu ambaye hajamuuliza kama anapenda. Labda anapenda, sijui. Muulize. Kama siku hiyo amechanganya mambo, uliza siku ingine vile vile, ukisikia jibu lile lile mara kadhaa lichukue kwa uzito.

Baada ya mdomo wa mama, soma mwili wake. Omba ruhusa kwake yeye, si kwa keagiva, useme leo nataka kusaidia kukuogesha. Mgeuze ubavu na uangalie mfupa wa mkia, nyonga zote mbili, visigino, viwiko na nyuma ya masikio, hasa upande wa kushoto ambao hausogezi mwenyewe. Kwa ngozi yetu nyeusi usitegemee kuona wekundu kama vitabu vinavyosema. Tafuta doa lililo jeusi zaidi au lenye rangi tofauti na pembeni yake, kisha weka mgongo wa mkono wako juu, kama ni moto kuliko pembeni, au pagumu kama pamejaa, au ukibonyeza anakunja uso, hicho ni kidonda cha kulalia kinaanza ndani, ngozi haijapasuka bado lakini inakaribia. Mtu asiyejigeuza anageuzwa karibu kila masaa mawili, usiku pia, na kwenye wilchea ndio asiachwe palepale tangu uji mpaka chakula cha mchana, kukaa kunakandamiza mifupa ya makalio kuliko hata kulala. Angalia pia mapaja kama pampasi inamchoma, angalia mdomo, ulimi mkavu uliopasuka unakuambia maji hapewi ya kutosha (wengine hupunguza maji kusudi ndio pampasi zisijae, hiyo nimeikuta mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka), angalia kucha za mkono wa kushoto uliokunjika, fungua ngumi taratibu na unuse kiganja. Picha ya WhatsApp haina harufu. Kiganja kinachooshwa kila siku hakinuki.

Kisha kaa uangalie akihamishwa kutoka kitandani kwenda kwa kiti. Breki za wilchea zimefungwa kwanza? Keagiva anamwambia anachotaka kufanya au anamnyanyua tu kama gunia? Na asivute ule mkono wa kushoto wala kumbeba kwa kwapa la kushoto, bega la upande uliolegea linatoka mahali pake kirahisi sana na maumivu yake hayaishi. Akila, awe ameketi wima kabisa, na abaki wima nusu saa hivi baada ya kula, watu wa stroki wengine chakula hupita njia ya mapafu na hufi kwa stroki, unakufa kwa nimonia. Ukiona anakohoa kila akinywa maji, hiyo mpelekee daktari haraka.

Uzito najua kumpima ni shida kama hasimami vizuri. Chukua tepu ya fundi cherehani, pima unene wa mkono wa kulia, ule mzima, katikati ya bega na kiwiko, weka alama ya mahali hapo kwa kuandika ni sentimita ngapi kutoka kiwiko, na upime hapo hapo kila mwezi. Usitumie wa kushoto, ule utapungua tu hata akilishwa kama mfalme.

Daftari nalo. Umesema limejazwa kila siku na hapo ndio nikaguna. Lifungue na usome presha za mwezi mzima kwa mpigo. Presha ya mtu mgonjwa haikai 120/80 siku kumi mfululizo, inapanda inashuka, asubuhi si kama jioni. Ukikuta namba zinafanana, kalamu ni moja, mwandiko haubadiliki hata ile siku mashine ilikuwa haina betri, na kila mahali "amekula vizuri" wakati wewe uliona nusu sahani, basi hilo daftari liliandikwa kukufurahisha wewe. Daftari la kweli lina uchafu ndani, "amekataa uji", "amelia leo, sijui kwa nini", "hajaenda choo siku ya pili". Ukiona maneno kama hayo mshukuru aliyeandika, usimgombeze hata kidogo, ama kesho atakuandikia uongo. Vidonge nao vihesabu wewe mwenyewe Jumapili hii na Jumapili ijayo. Hisabati haina undugu.

Hiyo ya "nesi" imeniudhi kidogo, niruhusu. Nesi ni mtu aliyesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, ana namba na ana leseni ya kufanya kazi inayohuishwa. Mwambie ejensi akupe jina kamili na namba ya usajili na uulize Baraza kama ziko, ni kazi ya muda mfupi. Asipokuwa nazo si dhambi, keagiva aliyefunzwa vizuri anamtosha mama kwa kuogeshwa, kulishwa, kugeuzwa na kukumbushwa dawa. Lakini basi aitwe keagiva, mlipie keagiva, na siku mama akihitaji mpira wa mkojo kubadilishwa au kidonda kusafishwa, aitwe nesi. Kuvaa skrabu hakumfanyi mtu nesi, hizo zinauzwa Gikomba.

Sasa hapa bro wako inabidi asikize. Nyinyi mnatoa 48,000, msichana anapata 17,000 na hajapumzika tangu Pasaka. Kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani Nairobi kilichowekwa Novemba 2024 kilikuwa shilingi 16,113.75 bila kuhesabu marupurupu ya nyumba, kwa hivyo huyu ambaye mmeambiwa ni nesi mwenye uzoefu analipwa shilingi mia tisa hivi tu juu ya kima hicho. Na Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mtu siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Siku nzima, si ile ya kutumwa dukani. Kwa nini nakuletea mambo ya mshahara ukiwa umeuliza kuhusu mama? Kwa sababu mtu anayeamka mara tatu usiku kumgeuza mzee wiki baada ya wiki bila ofu, kuna usiku hataamka. Si ubaya wa roho, ni mwili umekataa. Na ndio maana wanabadilishwa badilishwa, wanachoka, wanahama kwenda kwa anayelipa elfu tatu zaidi, na kila akija mpya anaanza kujifunza mama kutoka sifuri. Hata angekuwa malaika, wiki ya kwanza hawezi kujua kuhusu sahani.

Kwa hivyo ejensi waandikieni, wewe na bro pamoja, kwa ujumbe wa kuandika si simu. Ombeni keagiva wawili wanaojulikana kwa majina, mmoja wa kila siku na mmoja wa kumshikia ofu, na akibadilishwa mtu yule anayetoka akae na anayeingia angalau siku nzima. Ombeni mpango wa huduma ulioandikwa kwa jina la mama, sio ule wa wateja wote, wenye mambo ya kugeuza, kumeza, sukari na bega. Na muwaulize swali moja la mtego, msimamizi wenu alimtembelea mama lini mara ya mwisho, na aliongea naye peke yake? Wakianza kuzunguka zunguka mmepata jibu. England wana taasisi inayoitwa CQC inayokagua watoa huduma za nyumbani na kuwapa daraja hadharani, inauliza kama huduma ni salama, inafanya kazi, ina utu, inaitikia mahitaji ya mtu, na inaongozwa vizuri. Buruburu usingoje mkaguzi abishe hodi, mkaguzi ni wewe na dada yako wa Nakuru, na naomba naye awe anakuja hata kama ni mara moja kwa mwezi, siku ambazo hazijatangazwa, saa tisa mchana au asubuhi mapema kabla ya picha.

Kamera mimi nakataa, chumbani na bafuni. Mama ni mtu mzima mwenye akili zake, ataoshwa na kubadilishwa pampasi mbele ya simu ya kijana wake aliye Doha? Hata yeye bro akifikiria vizuri hataki kuona hayo. Kama mama mwenyewe atakubali ya sebuleni, na keagiva aambiwe iko, hiyo mnaweza kuongea. Ya kujificha hapana. Na bado kamera haitakuonyesha kisigino.

Kuna mambo ambayo hayangoji mazungumzo. Ngozi iliyopasuka, alama za vidole mikononi au mapajani, mama kushtuka au kunyamaza ghafla keagiva akiingia, pesa au vitu kupotea, haya mtoe mama kwenye mikono hiyo siku hiyo hiyo, mtu wa familia alale hapo, apelekwe hospitali aandikiwe ripoti, na mkishuku kupigwa mwende polisi. Katiba kifungu cha 57 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na haki hiyo hainyamazishwi na "usianzishe vita". Lakini kwa uliyoniandikia sijaona hayo. Nimeona msichana mpole aliyechoka, ambaye labda hakuna aliyemfundisha juu ya upande wa kushoto, na ejensi inayochukua pesa nyingi kwa kazi ya kutuma picha. Msichana mfundishe hiyo ya sahani wewe mwenyewe, kwa upole, kisha angalia wiki mbili tatu. Akianza kuizungusha bila kukumbushwa, huyo msimwache aende, hata ikibidi muachane na ejensi kwa njia halali ya mkataba wenu na mumuajiri wenyewe, someni kwanza mkataba unasema nini kuhusu hilo.

Bro mpigie Ijumaa jioni, huko ndio weekendi yao, atakuwa ametulia. Usimwambie huduma ni mbaya, atajitetea. Mwambie sukari ilisoma ngapi mchana, mkono una sentimita ngapi, vidonge vilivyobaki na vilivyopaswa kubaki, na maneno ya mama mwenyewe kama alivyoyasema kwenye chai. Halafu umwambie wazi kwamba 17,000 na hakuna ofu, umuulize kama hiyo ndiyo alidhani analipia.

Sista